Mayai ya Kapitan Titong

Lumbuyan, 15 Juni 2019

Mpendwa Shangazi Sista,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote tu wazima, na tunatumaini nawe u mzima huko nyuma ya ukuta wenu, pamoja na Mama Mkuu na Masista wote. Bibi anasema magoti yake yamepona, ila husema hivyo akiwa ameketi. Baba amemaliza kupandikiza mpunga wa bondeni. Nyati wetu wa kulimia amezaa ndama jike, na mdogo wangu Dodoy amempa jina la mwalimu wake wa hesabu. Tumemkataza kulitamka mbele za watu.

Shule imefunguliwa na sasa niko darasa la kumi. Nina habari njema na habari mbaya. Nitaanza na njema, kwa sababu Mwalimu Salvilla hutufundisha kwamba barua inayoanza kwa kulalamika husomwa kwa jicho moja.

Nimechaguliwa kuwa rais wa Klabu ya Nyuzi! Bado tunakutana kila Jumamosi kwenye jukwaa la saruji kando ya uwanja wa mpira wa kikapu, tukiwa na banduria na magitaa yetu. Kura tulipiga kwa punje za mahindi ndani ya vifuu vya nazi, wagombea tukiwa tumegeuza migongo. Kanuni ni ile ile: ukishajua wimbo mmoja, hupewi wa pili mpaka umfundishe mdogo wako ule wa kwanza. Unamkumbuka Roselo, yule aliyekuwa akirusha mawe juu ya mapaa ya watu? Sasa anamfundisha Pilita, ambaye miguu yake haifiki chini akiketi. Juzi nilimsikia akimwambia, "Taratibu, dada mdogo, hakuna anayekufukuza." Nilitaka kulia. Roselo huyo!

Habari mbaya ni Kapitan wetu wa kijiji. Jumamosi iliyopita alipanda jukwaani wakati wa mazoezi, bila hodi, akatutangazia kwamba mwezi wa kumi wilaya itachagua klabu bora ya vijana, na kwamba kuanzia siku ile sisi tunaitwa Klabu ya Vijana ya Kapitan Titong. Ametuletea fulana za njano zenye uso wake. Uso uko kifuani na mwingine uko mgongoni, kwa hiyo ukimkwepa huku unakutana naye kule.

Pilita akamuuliza, "Kapitan, na wewe unapiga nini? Banduria au gitaa?"

"Mimi napiga picha tu, mwanangu," akasema, na kweli akatupiga picha.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Shangazi, Mwalimu Salvilla aliianzisha klabu hii kwa banduria zilizokuwa zimetupwa stoo ya shule zikiliwa na mchwa. Kapitan alikuwa wapi siku hizo? Nieleze kama hiyo ni haki.

Ni mimi mpwa wako anayekupenda,
Minda


Monasteri ya Mtakatifu Klara, 9 Julai 2019

Inday wangu Minda,

Amani na heri. Barua yako imefika, ikapita kwanza kwa Mama Mkuu kama ilivyo desturi yetu, kisha ikanisubiri nimalize zamu ya jikoni. Ndiyo maana nachelewa kujibu. Huu ni msimu wa harusi. Kila bibi harusi wa mkoa huu ametuletea mayai ili tumwombee jua siku yake, na sisi tunayala asubuhi, tunayala mchana, na jioni Sista mpishi huyaficha ndani ya supu akidhani hatutayatambua. Mwambie Mama, bibi yako, kwamba nimemuota akiwa anacheka. Mwambie pia asipande ngazi.

Hongera kwa urais. Nimefurahi sana kuhusu Roselo. Nilimpakata huyo siku ya ubatizo wake, akanitapikia.

Fulana ni nguo, Inday. Inafunika mwili, inafuliwa, inachakaa. Vaeni mkilazimika, na mpige vizuri. Anayesikiliza kwa macho yaliyofumbwa haoni uso wa mtu yeyote.

Mwalimu Salvilla anasemaje? Na mnajifunza wimbo gani sasa? Mkono wako wa kushoto bado unakakamaa?

Kuhusu Kapitan Titong, tulisoma naye darasa moja. Zaidi ya hapo sina la kuandika.

Nakuombea kila siku,
Shangazi yako, Sista Maria Kandida


Lumbuyan, 3 Agosti 2019

Mpendwa Shangazi Sista,

Salamu kutoka kwa wote. Bibi alifurahi kwa ile ndoto, kisha akapanda ngazi kuangalia paa. Ndama anakua. Mama anashona mapazia. Mvua imeanza kunyesha kila alasiri, na nguo za shule tunazivaa zikiwa na unyevu.

Uliniambia fulana ni nguo. Nilikutii. Tulizivaa. Sasa nisikilize yaliyofuata.

Kapitan amemleta mpwa wake Jezrel kutoka mjini, na amemfanya rais wa klabu. Jezrel ana miaka kumi na saba, ana pikipiki, na ana nywele zinazosimama zenyewe. Tulipompa banduria aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Hakuna aliyempigia kura. Nilisimama nikasema hivyo. Nilisema kwa adabu, Shangazi, naapa.

"Kapitan, samahani. Rais wetu huchaguliwa na wanachama."

"Nani amekukataza kuwa mwanachama?" akasema. "Mwanachama baki. Lakini majaji wa wilaya wanataka kuona kijana mwenye sura ya uongozi. Wewe binti sauti yako haifiki hata kwenye goli la pili."

"Sauti yangu inafika, Kapitan."

"Basi itumie nyumbani kumwita baba yako. Mwambie nataka kuzungumza naye habari za mashine ya kupura mpunga."

Unaelewa maana yake. Mashine ya kupura ya kijiji iko chini ya Kapitan, na ndiye anayepanga nani atangulie na nani asubiri. Nilipofika nyumbani Baba alikuwa ameshapata habari. Aliniambia, "Minda, nyamaza mpaka tuvune." Hakuniangalia. Baba yangu, kaka yako, ambaye aliwahi kumwambia mkuu wa wilaya kwamba daraja lake ni bovu! Aliendelea kunoa mundu ambao ulikuwa tayari mkali.

Mwalimu Salvilla naye amepewa zamu mpya siku za Jumamosi, ya kusimamia usafi wa choo cha shule. Aliyempa zamu hiyo alikuwa mgeni wa Kapitan kwa chakula cha jioni siku moja kabla. Mwalimu alitabasamu, akaomba ufagio. Mimi ningeomba kitu kingine.

Na uwanja umefungwa. Wanamwaga saruji mpya, watapaka rangi, na katikati ya duara watachora jina la Kapitan kwa herufi ndefu kuliko mimi. Wameweka uzio wa waya unaozunguka hata jukwaa letu, na lango la chuma lenye kufuli. Amesema uwanja ni wa vijana. Basi vijana tunauangalia kupitia matundu ya waya, tukiwa tumevaa uso wake. Kapitan hupita pale akiwa na miwani ya jua, hata mvua ikinyesha, kama mbuzi aliyetoka kwa daktari wa macho.

Usiwe na wasiwasi kuhusu mimi. Mimi sijali sana. Masomo yanaendelea vizuri.

Mpwa wako,
Minda


Monasteri, 27 Agosti 2019

Inday wangu,

Amani na heri. Sikukuu ya Mama yetu Klara imepita salama. Watu walipanga foleni mpaka barabarani wakiwa na trei za mayai. Sista mmoja mzee amelazwa, mwombee. Mimi ni mzima, ila nimehamishwa kutoka jikoni, na sasa nakaa kwenye lile kabati linalozunguka ukutani, ambamo watu wa nje huweka vitu nasi huvipokea bila kuonana. Kwa hiyo siku hizi nasikia sauti nyingi na sioni sura hata moja. Nimegundua watu husema kweli zaidi wakiongea na kabati.

Mama Mkuu aliisoma barua yako. Alipofika kwenye mbuzi na daktari wa macho aliisoma mara mbili, kisha akanikabidhi akisema, "Mwambie mtoto adabu ni pamoja na kalamu." Nimekuambia. Lakini bega lake lilikuwa linatikisika.

Sasa niambie ukweli. Umeandika kurasa nzima na hamna wimbo hata mmoja ndani yake. Nilikuuliza mnajifunza nini, hukujibu. Nilikuuliza kuhusu mkono wako wa kushoto, hukujibu. Kisha unaniandikia kwamba hujali. Inday, mimi nimekaa kimya kwa miaka mingi, naujua ukimya. Umeacha kupiga.

Na kama wewe umeacha, Pilita anafundishwa na nani? Roselo yuko wapi siku ya Jumamosi? Amerudi kwenye mawe? Wamefunga lango la uwanja, sawa. Yadi ya kuku ya Mama ina lango gani?

Usimchukie baba yako. Zaidi ya hapo sitaandika.

Shangazi yako


Lumbuyan, 21 Septemba 2019

Mpendwa Shangazi Sista,

Salamu. Sote tu wazima isipokuwa Dodoy mwenye mafua na Bibi mwenye hasira. Hasira za Bibi ni kosa lako, kwa sababu klabu sasa iko kwenye yadi yake ya kuku.

Nilikuwa nimeacha kupiga. Ulijua. Nilikuwa nimeifunga banduria kwa shuka na kuisukuma chini ya kitanda. Barua yako ilinikasirisha siku nzima, kisha nikaenda kumtafuta Roselo. Nilimkuta kwenye daraja. Mawe yalikuwa mfukoni.

"Rais mstaafu," akanisalimu. "Umekuja kuniomba kura?"

"Nimekuja kukwambia Pilita amefika nusu ya wimbo, halafu mwalimu wake amekimbia."

"Mwalimu wake kafungiwa lango."

"Bibi yangu hana lango."

Aliyatupa mawe mtoni, moja baada ya jingine, akilenga chupa iliyokuwa inaelea. Jumamosi iliyofuata alikuja. Walikuja karibu wote, bila fulana za njano. Tunaketi juu ya mitungi iliyopinduliwa, na Mwalimu Salvilla akimaliza kusimamia vyoo hupita njia ya nyuma, husimama nje ya ua, na kusema kwa sauti kana kwamba anaongea na kuku, "Kidole cha tatu, si cha pili." Bibi anadai kuku wameacha kutaga kwa sababu ya kelele. Lakini akisikia wimbo wa zamani husogeza kiti karibu. Tunajifunza ule wa kuvuna, ambao Bibi anasema wewe uliupiga siku uliyoaga kwenda monasteri. Mkono wangu bado unakakamaa.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mavuno yamefika na mvua haikatiki. Mpunga umekatwa ukiwa mbichi na hakuna mahali pa kuuanika. Miaka yote tulianika kwenye uwanja wa mpira, kijiji kizima, kila familia na kipande chake. Mwaka huu uwanja umepakwa rangi na umefungwa kwa kufuli hadi ufunguzi, tarehe 12 Oktoba, siku majaji wa wilaya watakapokuja kuiona klabu. Baba ametandaza mpunga chumbani kwetu. Tunalala pembeni ya magunia. Punje zimeanza kuota, kila moja na mkia mweupe, na nyumba nzima inanuka kama pombe.

Na katikati ya hayo, Kapitan alikuja kwa Bibi akiwa na mwavuli, akatabasamu, akaomba mayai. Anasema mayai ya kuku wa mama mzazi wa Sista yatapokelewa vizuri zaidi huko kwenu. Anataka mwombe jua siku ya ufunguzi wake.

Bibi akampa! Alichagua makubwa, akayafuta kwa pindo la sketi yake. Nilimuuliza, "Bibi, kwa nini?" Akasema, "Mtu akiomba mayai kwa ajili ya Mtakatifu Klara hanyimwi. Hata angekuwa mwizi wa kuku wenyewe."

Kapitan ameufunga uwanja wetu, amemfukuza mwalimu wetu, amemfunga mdomo baba yangu, na sasa anakwenda mbinguni na mayai ya kuku wetu! Shangazi, nakuomba kwa heshima zote: msimwombee. Wewe ndiye uliye kwenye hilo kabati. Yakifika, yaache yazunguke yarudi nje.

Mpwa wako,
Minda


Lumbuyan, 5 Oktoba 2019

Shangazi Sista,

Salamu. Tu wazima.

Hujanijibu. Labda posta, labda zamu. Lakini Kapitan amerudi kutoka kwenu na anatangaza kijiji kizima kwamba mayai yalipokelewa, na kwamba Sista alimshukuru kwa sauti yake mwenyewe na kumtakia heri. Amesema ni sauti anayoifahamu tangu darasani. Je, ni kweli? Ulimshukuru?

Nitakuambia tulichofanya, hata kama Mama Mkuu atasoma. Pilita alitoa wazo kwamba sisi pia tulete mayai, ila tuombe mvua, mvua kubwa, tarehe 12, iwanyeshee majaji na miwani ya Kapitan. Roselo akasema, "Mtakatifu Klara hahusiki na mvua, yeye ni idara ya jua." Wakabishana. Mimi nilikuwa upande wa Pilita. Nilikwenda kwenye viota vya kuku mwenyewe.

Bibi alinikuta na mayai mkononi. Nilimwambia ukweli. Hakunipiga. Alinishika sikio, akaniingiza chumbani, akachukua konzi ya mpunga ulioota na kuiweka juu ya mayai yangu. "Mvua? Unamwombea baba yako mvua?"

Sikulala vizuri. Lakini bado nina hasira, na sioni kwa nini nisiwe nayo. Ni lazima Kapitan apate jua ili Baba apate jua? Nani aliyepanga hivyo?

Nijibu.

Minda


Monasteri, 8 Oktoba 2019

Inday,

Amani na heri. Sista mzee niliyekutajia ametutoka. Mshukuruni Mungu kwa maisha yake. Ndiyo sababu ya ukimya, na si nyingine.

Ndiyo, mayai yamepokelewa. Ndiyo, nilimshukuru. Anayeleta hushukuriwa, hata awe nani. Tunachokiomba baada ya kabati kuzunguka ni kati yetu na Mungu, na sitakuandikia.

Legezeni nyuzi msipopiga. Unyevu hupinda shingo ya banduria.

Shangazi yako


Lumbuyan, 2 Novemba 2019

Mpendwa Shangazi Sista,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote. Leo tumetoka makaburini. Tumesafisha kaburi la Babu, tumelipaka chokaa, tumempelekea wali wa kunata aliokuwa akiupenda, na Dodoy amekula nusu kabla ya sala. Bibi ni mzima. Ndama ameachishwa ziwa.

Barua yako ya tarehe 8 ilinifikia baada ya siku yenyewe kupita. Nashukuru ilichelewa. Ingefika kabla, ningeandika jibu ambalo Mama Mkuu angelitia motoni.

Tarehe 12 tuliamka, na jua lilikuwa limewaka. Hapakuwa na wingu. Baada ya mvua ya wiki na wiki, mbingu ilikuwa kama sahani iliyooshwa. Nikalia kwa hasira. Nikasema moyoni, haya, amepata, anapata kila kitu.

Walinzi wa kijiji walikuwa wamefungua lango la uwanja mapema ili waingize viti. Nikasikia kishindo nyumbani kwetu. Baba alikuwa anatoa magunia nje. Alimfunga nyati kwenye mkokoteni wa kuburuta, akapakia, akaondoka. Nilimfuata na reki.

Alipofika langoni mlinzi akasema, "Wewe, leo ni ufunguzi!"

"Naona," Baba akasema. "Nimekuja kufungua." Akafungua gunia.

Alimimina mpunga wake palepale katikati, juu ya jina la Kapitan, akaanza kuutandaza. Mlinzi alisimama akiwa na kiti kila mkono. Kisha akaviweka chini, akasema, "Ngoja kwanza, na mimi ninao nyumbani," akakimbia.

Shangazi, usingeamini. Kabla Misa ya asubuhi haijaisha kijiji kizima kilikuwa pale. Mkokoteni wa familia moja haukupita vizuri langoni, basi wanaume wakaling'oa lango kwenye bawaba zake, wakaliegemeza ukutani. Kila mtu akachukua kipande chake cha zamani, kana kwamba saruji mpya ilikuwa na mipaka ile ile. Sisi wa klabu tulipita na reki tukigeuza punje. Jina lilifunikwa. Duara lilifunikwa. Uwanja wote ukawa wa dhahabu na kunuka pombe.

Kapitan alikuja amevaa barong, lile shati jeupe la sherehe, akiwa na mkasi wa kukatia utepe.

"Nani ameruhusu hii?" akafoka. "Ondoeni! Ondoeni haraka! Majaji wako njiani!"

Reki ziliendelea kugeuza punje. Unajua huwezi kukanyaga mpunga wa mtu, na huwezi kumwagiza mlinzi aufagie kama takataka. Hata yeye aliishia kwenye ukingo, ncha za viatu vyake zikigusa punje. Na ndipo tukasikia sauti nyuma yake: "Pisha, Titong, mzigo unaniumiza!" Alikuwa mkewe, Nana Pasing, amejitwika gunia. Kumbe na wao walikuwa wanalala na mpunga chumbani! Akaumimina kwenye pembe ya mwisho iliyobaki, mumewe akiwa ameshika mkasi. "Si umeomba jua mwenyewe?" akamwambia. "Basi ndilo hili."

Majaji walifika, mama mmoja na mabwana wawili. Hapakuwa na mahali pa kuketi. Mwalimu Salvilla, ambaye alikuwa ametoka vyooni na ufagio, akawaambia kwa upole kwamba klabu iko barabarani, mbele ya ngazi za shule. Tukakimbia kuchukua banduria. Tulikuwa na makapi kichwani, miguu mitupu, na hakuna aliyevaa fulana ya njano. Tulipiga wimbo wa kuvuna. Nilikosea mahali pawili. Pilita hakukosea popote.

Yule mama jaji akauliza, "Rais wa klabu ni nani?"

Kapitan akamsukuma Jezrel mbele. Jezrel alikuwa na reki mkononi na malengelenge viganjani, maana alikuwa ametusaidia tangu asubuhi, vibaya sana. Alimwangalia mjomba wake, akaniangalia mimi. Akasema, "Si mimi. Mimi hata wimbo mmoja sijui. Ni huyu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Usidhani tumeshinda. Tumekuwa wa mwisho! Majaji wameandika kwamba tumekosa sare. Sare! Waliyaona yote yale kwa macho yao, na wakatafuta sare. Nina hasira mpaka leo, na Mwalimu anasema nisiiache hasira hiyo, bali niifundishe kuandika vizuri. Yeye bado ana zamu ya vyoo. Tumeandika barua ya kumrudisha, wazazi wametia sahihi, na Baba alitia sahihi ya kwanza, kubwa.

Nilimuuliza Baba kama siku ile alikusudia. Akasema, "Mpunga ulikuwa mbichi." Nikamuuliza tena. Akasema, "Mpunga ulikuwa mbichi sana."

Lango halijarudishwa. Bado limeegemea ukutani, na kuku wa Bibi wamehamia pale. Jumamosi tunapiga jukwaani. Jezrel ameanza wimbo wa kwanza. Anafundishwa na Pilita, naye hana huruma.

Swali langu moja tu. Uliomba nini?

Mpwa wako anayekupenda,
Minda


Monasteri, 19 Novemba 2019

Inday wangu Minda,

Amani na heri. Naandika haraka, kwa sababu Majilio yanakaribia na wakati wa Majilio hatuandiki wala hatupokei barua. Sote tu wazima. Barua yako imesomwa kwa sauti mezani, kwa amri ya Mama Mkuu. Ilipofika kwa Nana Pasing, Sista mpishi alilazimika kutoka nje.

Kapitan Titong aliongea na kabati kwa muda mrefu siku ile. Alitaja uwanja, majaji, utepe, na jina lake. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru. Kisha niliyachukua mayai yale mkononi. Nayajua mayai ya kuku wa Mama. Yai moja lilikuwa na punje ya mpunga iliyogandia kwenye ganda, imeota mkia. Nikaomba jua. Sikutaja la nani.

Uliniuliza nani aliyepanga kwamba Kapitan apate jua ili baba yako apate. Sijui, Inday. Ila naona jua hilo halikuwaangazia watu wote namna moja.

Kuhusu sare, nami nina hasira. Mama Mkuu ameisoma sentensi hii na ameiacha ipite.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, njooni na klabu yote, na Mwalimu Salvilla, na huyo Jezrel. Msilete mayai. Leteni banduria. Mpige nje ya ukuta, upande wa bustani ya mboga. Hamtaniona. Lakini ule mkono wako wa kushoto ukikakamaa tena, nitajua.

Shangazi yako,
Sista Maria Kandida